Mkono wa Kuazima

Hakuna aliyewahi kumwona Barafu amekasirika, na ndiyo maana mkono wake ukawa mali ya umma.

Jina hilo alipewa na wenzake wa chumba cha pasi, mahali ambapo barafu yenyewe isingemaliza hata dakika moja. Kiwanda chao kilifua mashuka ya hoteli na ya hospitali. Yote hayo, ya waliolala kwa raha na ya waliolala kwa maumivu, yaliishia kwenye mashine moja ndefu yenye silinda za moto. Wanawake wawili waliingiza shuka upande huu, wawili wakalipokea upande wa pili likiwa limenyooka kama karatasi. Mvuke wa mle ndani haukuwa na adabu. Ulikuingia puani, kifuani, kwenye nguo za ndani, na jioni ukakusindikiza mpaka nyumbani.

Barafu aliingiza mashuka pamoja na wifi yake, dada wa mumewe. Wifi ndiye aliyemtafutia kazi ile, na hakuna wiki iliyopita bila kumkumbusha. Barafu naye hakuchoka kumjibu kwamba mtu akikuonyesha mlango wa tanuru, humshukuru kila asubuhi. Walitaniana hivyo huku wameshika pembe za shuka, hatua sawa, mikono sawa, kama watu waliozaliwa na mama mmoja.

Kwa jambo moja tu hawakufanana. Wifi aliiogopa presha. Mama yake alianguka jikoni na sufuria mkononi, hakuamka tena, na tangu siku hiyo Wifi aliusikiliza moyo wake kama mtu anayesikiliza nyayo za mwizi darini. Akiitwa ofisini, moyo ukidunda, anasema basi, zamu yangu imefika. Akisema hivyo unadunda zaidi. Usingizi nao ukasikia habari hizo ukahama nyumba.

Barafu alikuwa kinyume chake. Presha, kwa maoni yake, ilikuwa ugonjwa wa watu wenye nafasi ya kuwaza. Mumewe alipoachishwa kazi, alicheka. Mwenye nyumba alipowakatia maji, alicheka mpaka majirani wakadhani kuna sherehe. Kila lililokuja alilimeza na kulisukumia kicheko, kama mtu anayemeza kidonge na maji.

Halafu ikaja habari ya kupimwa. Hospitali iliyoleta mashuka yake pale ilitaka afya za wafanyakazi ziangaliwe kila mwezi, na Meneja akakubali. Meneja alikuwa mtu wa sauti laini na tabasamu ambalo hakulivua hata alipokuwa akimfukuza mtu. Alikubali, lakini kwa masharti yake. La kwanza, hakuna kuondoka chumba cha pasi na kupoteza muda. Nesi atakaa ofisini penye hewa baridi, na kila mfanyakazi ataingiza mkono kwenye kidirisha kidogo cha ukutani, cha kupitishia foronya zilizonyooshwa. Na kwa kuwa mvuke ungeharibu kompyuta ya ofisini, kidirisha kitafungwa pazia. La pili, atakayekutwa na presha ya juu atapumzishwa nyumbani, bila mshahara, mpaka ishuke.

Sharti hilo la pili lilipandisha presha za watu kabla kipimo hakijatolewa mfukoni.

Siku ya kwanza Wifi alitetemeka mpaka kifungo cha koti kikawa kinagonga kikapu. Alimvuta Barafu pembeni, akamnong'oneza, "Wifi, niazime mkono."

Barafu alidhani ni utani. Alipoona macho ya mwenzake akajua si utani. Alikaa juu ya kikapu, akapenyeza mkono chini ya pazia, na nesi wa upande wa pili, ambaye hakuona zaidi ya mkono wenyewe, akafunga mkanda, akapampu, akasema vizuri sana mama, anayefuata. Aliyefuata alikuwa Barafu mwenyewe, kwa jina lake. Kisha akaja Mama Sabuni, mkongwe wa matangi ya kufulia, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiwaaga wenzake kila Ijumaa kwa kuwa hana hakika ya Jumatatu. Naye akaomba aazimwe. Kufika saa ya kula, chumba kizima kilikuwa kimepimwa kwa mkono mmoja.

Mtu atauliza nesi hakutambua vipi. Angetambuaje? Makoti yalikuwa ya rangi moja, na vifundo vya mikono vyote vilikuwa na makovu ya moto. Kwa wapiga pasi makovu yalikuwa sehemu ya sare. Nesi alisema tu, kwa mshangao, kwamba watu hawa presha zao zinafanana kama mapacha. Nyuma ya pazia wanawake waliuma mikono ya makoti wasiangue kicheko.

Kicheko hicho ndicho kilichowaponza.

Meneja alichukua majibu yale akayabandika ukutani, na kando ya kila jina akachora moyo mwekundu unaocheka. Mwezi uliofuata akaondoa feni moja, eti inapelekwa kwa fundi. Fundi huyo mpaka leo hajulikani ni nani. Kisha mapumziko ya alasiri yakafupishwa, halafu yakafutwa. Kisha kati ya wawili wa upande wa kupokea akabaki mmoja. Aliyenung'unika alionyeshwa ukuta. Mioyo yenu ni mizima kuliko yangu, alisema Meneja, kazi haijamuumiza mtu hapa. Wangemjibu nini? Ushahidi walimpa wenyewe, kwa mkono wao, tena wa kuazima.

Baada ya feni akaletwa Mtaalamu wa mambo ya msongo wa mawazo. Alivaa viatu visivyotoa sauti na alizungumza kama mtu anayebembeleza mtoto. Aliwaambia kwamba moyo kudunda wakati wa shida si adui. Ni mwili unawasha boila yake ili ukusaidie kubeba kilichopo mbele yako. Anayeuona msongo kuwa ni sumu, kweli humdhuru kama sumu. Anayeuona kuwa ni nguvu, hugeuka nguvu. Mengi yako kwenye mtazamo, alisema.

Na tusimwonee, maneno yake yalikuwa na kitu ndani. Wifi aliyasikiliza vizuri kuliko wote. Wiki ile, moyo ulipodunda, hakuuita mwizi. Aliuambia asante, najua unanisaidia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alilala mpaka kukacha. Alimsimulia Barafu huku akitabasamu, na Barafu akamtania kwamba sasa ameanza kusalimiana na viungo vyake, siku moja atalikaribisha ini chai.

Ubaya haukuwa kwenye maneno. Meneja alikuwa amekaa nyuma siku ile akitikisa kichwa, anakubali kila neno. Maneno yaliingia mfukoni mwake yakiwa dawa, yakatoka yakiwa fimbo.

Maana usingizi haurudishi feni. Mapumziko yamefutwa, mvuke umezidi, na Wifi akaanza kuumwa kichwa cha kisogoni, akawa anaona vimulimuli mbele ya macho. Asubuhi moja alisimama kwenye kidirisha akaomba ruhusa aende hospitali. Meneja alifunua pazia kidogo, kiasi cha kutoa tabasamu.

"Presha yako nimeiona mwenyewe, nzuri kabisa," alisema. "Kilichobaki ni mtazamo, mama. Umemsikia Mtaalamu."

Wifi alirudi nyuma hatua moja. Angesema kwamba ule haukuwa mkono wake, angerudishwa nyumbani bila mshahara, na wenzake wote nyuma yake. Aligeuka akamtazama Barafu. Barafu alikuwa na neno mdomoni. Lilikuwepo, alilihisi, la moto kama silinda. Alilimeza kama alivyozoea, akaleta mzaha badala yake. Huo moyo wako, wifi, uambie uje uvae koti upige pasi, tumepungukiwa mtu. Watu wakacheka. Hata Wifi alicheka.

Baada ya chakula shuka likaingia mashineni upande upande. Barafu akamwambia mwenzake anyooshe. Wifi alifungua mdomo ajibu, na maneno yakatoka yamelowa, yamejikunja, hayana pembe ya kushika. Kisha mkono wake wa kulia ukaiachia nguo, na yeye mwenyewe akateremka chini polepole, kana kwamba ameamua kukaa.

Hakufa. Daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya kukesha, alisema ni kiharusi, kidogo, ila kingeweza kuepukwa kama presha ile ingejulikana mapema, maana haikupanda jana. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mkono ulihitaji matibabu ya muda mrefu na mazoezi, na kiwanda ndicho kilichopaswa kuyagharamia endapo ugonjwa umetokana na kazi.

Mume wa Barafu alikwenda kwa Meneja kumtetea dada yake. Alirudi amekunja uso. Kitandani kulikuwa na nguo za kukunjwa, akakaa juu yake bila kuziona. Amejibiwa kwamba kumbukumbu zinaonyesha presha ya dada yake ilikuwa nzuri kila mwezi, kwa hiyo ugonjwa ni wake na familia yake, na nafasi yake inatafutiwa mtu.

"Walimpima vipi?" aliuliza. "Mtu anapimwa kila mwezi, haonekani na kitu, halafu anaanguka?"

Barafu akamweleza yote, bila kicheko hata kimoja. Alipomaliza, mumewe aliuangalia mkono wake uliokuwa umeshika sahani.

"Kwa hiyo uliopimwa," alisema, "ni huu unaonipakulia chakula."

Akaanza kukunja nguo alizokuwa amezikalia. Ingekuwa afadhali angefoka.

Kesho yake, wodini, Daktari alimwona Barafu anajishikilia ukutani wakati wa kusimama, akamkalisha na kumpima. Akarudia kupima. Akamwuliza ana presha tangu lini. Barafu akasema yeye hana presha, mwezi jana tu ilikuwa nzuri, yeye anacheka, waulize watu. Daktari hakucheka. Alimwambia kwamba presha yaweza kupanda ndani ya wiki chache, kwamba kuogopa kutwa nzima kunaipandisha, na kumeza kila kitu nako kunaipandisha, ila anayeogopa angalau anajua kuna jambo. "Wewe umefunga mlango na moto umo ndani," alisema, akampa dawa na kumwamuru azimeze, kwa kuwa kumeza ndiko anakokuweza.

Wifi alikuwa anasikia yote kitandani pale. Aliusogeza mdomo wake uliopinda, akausogeza tena, mpaka neno likakubali kutoka.

"Barafu," alisema taratibu, "imeyeyuka."

Hapo ndipo Barafu alipolia, na kilio kilipokwisha chini yake alikuta kitu ambacho hakuwa amekigusa tangu utotoni. Hasira. Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa imenyooka, imekunjwa vizuri, shuka juu ya shuka, miaka kwa miaka. Alimkasirikia Meneja na mioyo yake myekundu. Alikikasirikia kicheko chake mwenyewe. Aliukasirikia hata mkono wake, uliokuwa mwepesi kuazimwa na mzito kunyanyuka.

Siku ya kupima ilipofika, wanawake walikaa kwenye mstari mbele ya kidirisha kama kawaida. Ungedhani wamejifunza. Njaa haifundishiki. Walimtazama Barafu, wakamsogezea kikapu. Mama Sabuni alimkumbusha kwa sauti ya chini kwamba yeye ndiye wa kwanza, na kwamba leo kichwa kinamgonga, amsaidie kama siku zote.

Barafu akakaa. Akapenyeza mkono. Nesi akaita jina la Mama Sabuni, akafunga mkanda, akapampu. Akaangalia kipimo. Akapampu tena.

"Mama Sabuni, leo kuna nini? Imepanda sana."

Sauti ya Meneja ikasikika nyuma yake ikisema kipimo kina hitilafu, arudie kwa mwingine. Akaitwa wa pili. Barafu hakuutoa mkono. Imepanda. Akaitwa wa tatu. Imepanda vilevile, tena imezidi kidogo. Chumbani minong'ono ikaanza kuwa mikali. Mmoja akamvuta koti, akamwambia unatumaliza, toa mkono. Mwingine akamwita mchawi.

Moyo wake ulikuwa unadunda mpaka mkanda unacheza. Zamani angeufunika kwa mzaha. Wifi, zamani, angeuogopa. Barafu akamkumbuka Mtaalamu na viatu vyake vya paka, na boila yake. Haya, alijiambia. Kama imewashwa inisaidie, basi kazi yenyewe hii hapa. Kwa mkono wa pili alilishika pazia akalivuta, likatoka na msumari wake.

Wakatazamana. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na uchovu. Meneja alikuwa amesimama na kikombe, na tabasamu limekwama nusu ya njia.

"Sista," alisema Barafu, "mkono huu ndio umewapima watu wote hawa, tangu siku ya kwanza. Na wifi yangu hajawahi kuingiza wake humu. Namba zenu ni zangu. Yeye alikuwa anaumwa, anaomba ruhusa, mnamwonyesha mkono wangu ukutani."

Meneja aliweka kikombe chini. Tabasamu likamalizia safari yake.

"Umekiri udanganyifu," alisema, "na nesi ni shahidi."

Nesi alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya koti, ingawa haikuwa na mvuke bado.

"Mimi pia nikiri, basi," alisema. "Niliambiwa nipime mikono nisione nyuso. Hakuna chuo kinachofundisha hivyo, na nikakubali kwa kuwa huku kuna baridi. Nikiulizwa aliyeniagiza, nitamtaja."

Alichukua kipimo chake, akazunguka mlangoni, akaingia chumba cha pasi. Miwani ikafunikwa na ukungu papo hapo. Akaivua akaitia mfukoni, akaanza kupima mmoja mmoja, uso kwa uso, kila mtu na mkono aliopewa na mama yake. Wengi walikuwa juu. Wengine walikuwa juu mpaka nesi akawashika bega kwanza kabla ya kuwaambia. Mzima kabisa, mwenye presha ya kupigiwa mfano, alikutwa mmoja tu, naye ni Mama Sabuni.

Mama Sabuni aliomba apimwe tena. Majibu yakawa yale yale. Aliudhika sana.

"Muda wote huu," alisema, "nimekuwa naazima mkono wa mgonjwa!"

Watu walicheka, Barafu akiwamo, na kicheko kile hakikumeza kitu.

Meneja aliwataka warudi mashineni, wataongea baadaye. Nje gari la hoteli lilikuwa limeanza kupiga honi na mashuka yalikuwa bado vilima vibichi. Barafu hakunyanyuka kikapuni. Alimkumbusha kwamba sheria ni yake mwenyewe, mwenye presha apumzike mpaka ishuke, na wao ni watu watiifu. Yule aliyebaki peke yake upande wa kupokea akakaa. Yule aliyemwita mchawi akageuza ndoo, akakaa. Mama Sabuni, mzima wa afya, akajinyoosha juu ya rundo la taulo, akatangaza kwamba yeye amechoka kwa niaba ya wenzake. Mashine iliendelea kuzunguka, inanyoosha hewa.

"Barafu," alisema Meneja, na sauti laini ikaanza kukwaruza, "punguza hasira, mama. Utajiumiza."

"Hii haiumizi," alisema Barafu. "Iliyoniumiza ni ile niliyokuwa naimeza."

Honi ikapigwa tena, ndefu. Meneja akauliza wanataka nini. Waliangaliana, maana hawakuwa wamepanga lolote. Barafu akasema aanze na wifi yake.

Nesi aliandika pale pale, juu ya rundo la foronya, kwamba vipimo vyote vilivyotumwa kwa jina la mgonjwa havikuwa vyake, na kwamba wafanyakazi walipimwa kwa utaratibu uliowekwa na uongozi. Akatia sahihi. Meneja alisoma, akasikiliza honi, akasoma tena, akatia sahihi. Kalamu ilitoboa karatasi ikaacha doa kwenye foronya ya hoteli, na mpaka leo kuna mgeni fulani analaza shavu juu ya doa lile bila kujua linatoka wapi.

Usidhani walipata kila kitu. Feni ilirudi, fundi hakutajwa. Mapumziko ya alasiri yalirudi nusu. Matibabu ya Wifi yalianza kulipwa, na nafasi yake ikaachwa imsubiri, japo mkono wake bado unajifunza kushika kijiko. Barafu yeye alipewa barua ya onyo kali, kwa udanganyifu na kwa kuharibu pazia. Alikwenda nayo wodini jioni ile ile. Wifi akataka kujua imeandikwa nini, na kama amekasirika.

Barafu akasema amekasirika sana, anajisikia vizuri. Akaikunja barua ile mara moja, akavuta kiti karibu na kitanda, maana wodi ilikuwa na joto, akaanza kumpepea wifi yake nayo. Ilikuwa karatasi ngumu, ya ofisini, yenye upepo mzuri.